Hujaona, au Hakuna?

Simu ilinikuta jikoni, mikono imejaa mchele niliokuwa nikiuosha, nikamwita mjukuu wangu aishike aniwekee sikioni. Sauti ya mwanamke nisiyemjua ikasema, "Shikamoo, shangazi Riziki. Mimi ni Kadzo, binti wa Mbeyu, nakupigia kutoka Samburu. Mama ametutoka jana asubuhi. Alituusia tukuambie wewe kabla ya mtu mwingine, nasi tumechelewa. Utuwie radhi." Nikamwitikia marahaba, nikamwambia hawakuchelewa, nikamwambia kesho nitakuwa kwake. Kisha nikakaa kwenye kigoda na mchele wangu, na kitu cha kwanza kilichonijia si sura ya Mbeyu wala sauti yake, bali ukuta. Ukuta mweupe wa chokaa, nyuma ya duka la fundi cherehani pale Msambweni, umebandikwa vitambaa vya rangi kwa pini.

Nimefundisha hesabu miaka thelathini na kitu, Tiwi, Kinango na kwingineko, na watu wameniuliza mara nyingi ni nani aliyenitia hamu ya somo hilo. Kwa adabu nimekuwa nikitaja walimu wangu, Mungu awarehemu, nao walistahili kutajwa. Lakini ukweli ninao miaka yote. Aliyenifungua macho ni msichana ambaye wakati huo hakujua kuandika jina lake, na alinifungua kwa mwaka mmoja tu, mwaka ule wa uhuru, nilipokuwa na miaka kumi na saba na nikidhani kuwa cheti changu cha shule kimenimalizia kila la kujua. Sioni haya kusema kwamba hadi leo nikiukumbuka ukuta ule mwili hunisisimka.

Duka lilikuwa la Fundi Bwanaheri, kando ya barabara kuu, vyumba vitatu na baraza. Barazani zilikaa cherehani tatu mstari mmoja, zote za kukanyaga kwa miguu. Ya kwanza ilikuwa ya Bakari, kijana wa hapo hapo, mcheshi, mwenye kujua habari za kila apitaye. Ya pili ilikuwa yangu. Ya tatu, iliyokuwa pembeni ambako upepo ulileta vumbi la barabara, ilikuwa ya Mbeyu, aliyekuja mwisho wetu, kutoka Samburu, ile ya nyika ya huku pwani. Fundi mwenyewe hakuwa akishona tena. Macho yalikuwa yameanza kumchoka, kwa hiyo alikata tu nguo kwenye meza ndefu ya chumba cha mbele na kutugawia kazi. Chumba cha nyuma tulilala mimi na Mbeyu: mikeka miwili, sanduku la mbao, taa ya mafuta, na ule ukuta. Chumba cha kati walilala Fundi na mkewe, Bi Siti, na kilichotutenga nao kilikuwa kiambaza chembamba, tukisikia kila neno lao hadi kikohozi.

Bi Siti alitulisha vizuri, sina la kulalamika. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, chai imekolea tangawizi. Mchana wali na samaki, au muhogo wa nazi siku ambazo samaki hawakupatikana. Mbeyu wiki za mwanzo alikuwa akimgeuza samaki upande wa pili ili asimtazame machoni, na Bakari akaona hapo pa kuchezea. "Nyie watu wa bara," akamwambia, "mwala mboga chungu za porini, majani matupu. Sasa mbuzi wenu mwawaachia nini?" Mbeyu hakuinua kichwa. "Mbuzi wetu wala mashati ya mafundi wasemaji," akajibu, na Fundi ndani akacheka mpaka akaweka mkasi chini. Ila sisi tuliolala chumba kimoja na Mbeyu, yaani mimi, tulijua kwamba mbuzi wenyewe hawakuwapo tena. Ukame ulikuwa umewamaliza, na kwao hapakuwa na cherehani hata moja.

Duka lile lilikuwa na desturi mbili, na Fundi alizishika kama alivyozishika sala zake. Ya kwanza: mkono mmoja, nguo moja. Aliyeanza nguo ndiye aliyeimaliza, hata kama wenziwe wamekaa wanapunga nzi. "Mishono ya watu wawili haifanani," alisema. "Mwenye jicho ataona, na akiona ataniuliza mimi." Ya pili: kubwa kwanza. Kazi za siku hugawanywa kuanzia ile inayokula muda mrefu zaidi, kila mtu yake, kisha zinazofuata, kila anayemaliza akichukua nyingine. Zikibaki mbili kwa watu watatu, au moja kwa wawili walio sawa, mgeni ndiye mmaliziaji, na mgeni alikuwa Mbeyu. Fundi alizijua saa za kila nguo kama alivyojua majina ya wanawe: shati saa mbili, suruali saa tatu, chakula na sala vimo humo humo. Sote watatu tulifunzwa na yeye na kasi yetu ilikuwa moja. Hilo la mwisho sikulijua bado. Kama wengine wote, niliamini Mbeyu ni mzito.

Siku ya kwanza ya kisa hiki Bakari alikuwa Tiwi kwenye matanga, tumebaki wawili. Mtu mmoja alitaka suruali mbili na mashati matatu kufikia saa sita mchana, nasi tukaanza saa kumi na mbili asubuhi. Fundi akagawa kwa desturi: suruali kwangu, suruali kwa Mbeyu, shati kwangu, shati kwa Mbeyu, lililobaki kwa Mbeyu. Saa tano mimi nilikuwa nimemaliza, nimekaa kama bibi harusi. Saa sita mwenye nguo akafika, Mbeyu yuko katikati ya shati la mwisho, na yule bwana alisema maneno mengi mbele ya watu. Shati lilikwisha saa saba. Jioni, tunaosha vyombo, tukamsikia Fundi upande wa pili wa kiambaza. "Mkono wake mzuri, Siti, lakini ni mzito yule mtoto. Hii mara ya tatu. Akinitia aibu tena namrudisha kwao." Bi Siti akasema, "Kwao kuna nini sasa? Babake amebaki na fimbo ya kuchungia, mbuzi hana." "Mimi si serikali," Fundi akajibu. Mbeyu aliendelea kusugua sufuria ile ile kwa muda mrefu, na mimi, Mungu anisamehe, nilifikiri moyoni kwamba kama angekazana kidogo haya yasingemfika.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na asubuhi duka lilifungwa. Niliamka nikamkuta amekaa chini na rundo la mabaki ya vitambaa na mkasi. Alikuwa akikata vipande virefu vyembamba na kuvipima kwa kiganja chake: saa moja, shubiri moja. Viwili vya shubiri tatu, hizo ndizo suruali. Vitatu vya shubiri mbili, hayo mashati. Akavibandika ukutani safu mbili, moja juu ya nyingine, kila kipande kikianzia mwenzake alipoishia. "Hii jana," akasema. "Wewe hapa, tatu na mbili, tano. Mimi hapa, tatu na mbili na mbili, saba." Kisha akachomoa pini, akahamisha vipande viwili tu. Suruali zote mbili zikawa safu ya juu, mashati yote matatu safu ya chini. Sita na sita. Ncha zilisimama mahali pamoja kabisa.

Nilitazama ukuta, nikamtazama yeye, nikatazama ukuta tena. Kubwa kwanza! Ni nani angeitilia shaka busara kama hiyo? Kila mama mwenye nyumba anaanza na chungu kikubwa. Na hapa suruali mbili, ambazo desturi ilizitenganisha kwa nguvu, zilikuwa zikitaka kukaa pamoja kwa mtu mmoja. Mbeyu hakuwa amechelewa jana. Mgawo ndio uliochelewa, kabla hata hajatia uzi kwenye sindano. Nikaona nami nitoe changu, kwa sababu kiburi cha cheti hakilali. "Shubiri zote ni kumi na mbili," nikamwambia. "Watu wawili, sita kila mmoja. Mmoja akipata pungufu, mwenziwe lazima azidi. Kwa hivyo hata ukivihamisha mwaka mzima, hupati chini ya sita." Alinigeukia haraka. "Hujaona, au hakuna?" akaniuliza. Sikumwelewa.

Ndipo akanieleza habari ya mbuzi. Kwao, mbuzi akipotea, baba humtuma mtoto akamtafute, na mtoto akirudi mikono mitupu baba huuliza swali moja tu: hujamwona, au hayuko? Hujamwona ni jibu la mtu aliyezunguka, akachoka, akarudi. Hayuko ni jibu la mtu aliyezimaliza njia zote. "Na njia ni nyingi mno, Riziki, zagawanyika na kugawanyika tena. Huwezi kuzitembea zote, jua litakutua. Lakini kila njia yapita mahali kwenye mchanga laini, kijito kikavu. Mbuzi hawezi kupita pale asiache kwato. Ukifika mchangani usione kwato, basi rudi. Njia hiyo imekufa, na vijia vyake vyote vya mbele vimekufa nayo, hata kama hujavikanyaga." Alisema babake alimpenda kwa ajili ya hilo, kwamba akisema hayuko, watu waliacha kutafuta. Sasa akaelekeza kidole kwenye hesabu yangu ya kumi na mbili kwa wawili. "Huo wako ni mchanga," akasema. "Waonyesha chini ya sita hakuna. Si kwamba hatujaona. Hakuna." Na akacheka kwa furaha ambayo sijui niieleze vipi, nami nikacheka naye, tukiwa tumekaa sakafuni katikati ya vitambaa, njaa inatuuma, hatujanywa hata chai.

Miezi iliyofuata ukuta ule haukukaa mtupu. Kila kazi iliyoingia tuliipima na kuibandika, safu tatu sasa, ya Bakari, yangu na ya Mbeyu. Mimi nilitafuta mchanga kwa kujumlisha na kugawanya. Yeye alitembea njia na kuziua. Mara nyingine kubwa kwanza ilitoka sawa na mgawo wetu, mara nyingine ilipitwa kwa saa nzima. Nikaenda kumwambia Fundi. Alisikiliza kwa upole, mkasi mkononi, kisha akasema, "Vitambaa havishoni, mwanangu," na akaendelea kukata. Barazani watu walikuwa na mazungumzo makubwa kuliko yetu. Uhuru ulikuwa unakuja, na kila mwenye kuketi alikuwa na neno lake kuhusu bendera, kuhusu majimbo, kuhusu nani atakuwa nani. Bakari aliuliza kila siku kama uhuru ukija tutafunga duka saa nane. Mimi nilikuwa nikisikia yote hayo kwa sikio moja. La pili lilikuwa nyuma, kwa ukuta, kwa kuwa nilikuwa nimeanza kuona kwamba mtu anaweza kukaa chini, katika chumba chenye mikeka miwili, akajua kwa yakini jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwambia.

Kisha ikaja Desemba, na kazi ya sherehe. Alasiri moja Fundi alimaliza kukata nguo sita. Kanzu ya mzee atakayesoma dua, yenye darizi shingoni, saa saba. Koti la mwalimu wa kwaya, saa tano. Na magauni manne yenye marinda, ya wasichana wanne watakaoimba mbele, saa nne kila moja. Sherehe ilikuwa keshokutwa. Gari la kuzichukua nguo lingefika kesho saa kumi alasiri, na Fundi alikuwa ameahidi kwa mdomo wake mwenyewe. Siku hiyo mashine zilikuwa na kazi nyingine mpaka magharibi, na taa ya mafuta Fundi hakuiruhusu karibu na nguo mpya. Tulikuwa na mwanga wa kesho, basi: kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi, saa kumi za kazi.

Mbeyu alizitazama nguo zile mezani, midomo ikicheza. "Fundi," akasema, "haitoshi. Moja itavuka saa kumi."

Fundi akaweka chaki chini. Akanigeukia mimi. "Msomi, jumlisha."

Nikajumlisha. Saba, na tano, na nne mara nne: ishirini na nane. Watu watatu, saa kumi kila mmoja: thelathini. "Zinabaki mbili, Fundi," nikasema. "Yawezekana." Nilisema kwa sauti ya mtu aliyeulizwa swali rahisi, na wala sikumtazama Mbeyu.

"Umesikia?" Fundi akamwambia. "Hesabu ya shule imesema. Wewe una kanzu, ndiyo kubwa. Na sikiliza, Mbeyu: kesho ukinichelewesha, keshokutwa huendi sherehe. Utapanda gari la kwenu, na safari hii sirudi nyuma."

Chakula cha jioni kilikuwa wali na kuku, Bi Siti amefurahia uhuru mapema. Tulipoingia chumbani nikatoa daftari langu kwa hasira. Nilitaka kuupata mgawo huo, niuweke mikononi mwa Mbeyu, nijisafishe. Kila nguo ina watu watatu wa kuishona, nguo sita, nikazidisha tatu kwa tatu mpaka nikafika mia saba na ishirini na tisa. Nikaanza kuziandika moja moja. Nilikuwa kwenye ya nane au ya tisa Mbeyu aliponiuliza, "Wataka kuzitembea zote?"

"Zote," nikasema.

"Njoo huku."

Alikuwa ameshachora mstari wa makaa ukutani, kwenye shubiri ya kumi. Akakibandika kipande cha saba, kile cha kanzu. "Sijali ni safu ya nani," akasema. "Yangu, yako, ya Bakari, sawa. Mtafutie kanzu mwenzake." Nikachukua gauni, kipande cha nne, nikakiweka mbele yake. Kikavuka mstari kwa shubiri moja. Nikachukua koti, kikavuka zaidi. Hapakuwa na kingine cha kujaribu. "Kwa hivyo kila njia ambayo kanzu ina mwenzake imekufa," akasema. "Zifute." Niliangalia daftari langu, kurasa zile nilizokuwa nimejipangia, na nikaona nyingi mno zimekufa kwa neno moja. "Kanzu yakaa peke yake. Sasa zilizobaki, kwa watu wawili." Koti na magauni manne: tano, na kumi na sita. Ishirini na moja. Safu mbili za kumi ni ishirini.

Aliniacha nihesabu mwenyewe mara ya pili, kwa vidole, kama mtoto.

"Hakuna," akasema Mbeyu.

Njia mia saba na ishirini na tisa, na alikuwa amezimaliza zote kwa hatua mbili, amesimama peku kwenye mkeka. Nimeona mambo makubwa maishani, nimezaa, nimezika, nimeiona bahari ikiingia mashambani; sijui kama nimewahi kushikwa na kicho kama kile. Niliogopa, ndiyo, niliogopa kwamba akili ya mtu inaweza kufika mahali ambapo miguu yote ya dunia isingefika. Na baada ya kicho ikaja aibu, kwa sababu nilikuwa nimemuuza mbele ya Fundi kwa hesabu ya nusu. Nikamwambia, "Nisamehe, Mbeyu." Akasema, "Hesabu yako haikusema uongo. Zile saa mbili zipo. Ziko wapi?"

Zilikuwa mbele ya kanzu. Pale safu ilikuwa na nafasi ya shubiri tatu, zile mbili na ile moja iliyozidi kwingine, tupu, na hakuna nguo nzima iliyoingia. Nikakishika kipande cha gauni la nne, nikachukua mkasi. Mbeyu akanikamata mkono. "Usikate," akasema, na tukatazamana. Mkono mmoja, nguo moja. Ndani ya chumba kile tulijua sote wawili kwamba nilikuwa karibu kukata desturi ya miaka ya Fundi, na ya fundi wake kabla yake. Akaachia taratibu. Nikakata: shubiri moja, na shubiri tatu. Zile tatu zikakaa baada ya kanzu, zikagusa mstari wa makaa bila kuuvuka. Ile moja Mbeyu akaiweka mwanzo kabisa wa safu yangu, kabla ya magauni yangu mawili, tisa. Bakari koti na gauni, tisa. "Mbuzi ameruka ua," akasema Mbeyu kwa sauti ya chini.

Alfajiri tulimwita Fundi ukutani kabla hajamaliza chai. Mimi ndiye niliyesema, kwa kuwa mimi ndiye niliyeharibu: nilimwambia jana nilikosea, nikamwonyesha kanzu ikikataa wenzake, nikamwonyesha ishirini na moja isivyoingia katika ishirini. Alipima mwenyewe kwa kiganja chake, ambacho kilikuwa kikubwa kuliko cha Mbeyu, akaona kila kitu kimepungua sawasawa. Akahamisha vipande hivi na vile. Mbeyu akasema, "Fundi, sisemi sijaona. Nasema hakuna." Kisha tukamwonyesha kile kipande kilichokatwa, na uso wake ukafunga.

"Hii si sheria ya vitambaa," akasema. "Mishono ya watu wawili haifanani. Mwenye jicho ataona."

Bi Siti alikuwa amesimama mlangoni na birika. "Na mtoto atakayesimama mbele ya watu hana gauni," akasema, "huyo hataonekana?"

Fundi alikunywa chai yake mpaka mwisho. "Bismillahi," akasema mwishowe. "Shoneni. Lakini mimi mlipopokezana nitapaona."

Saa kumi na mbili nilianza gauni la nne. Nilishona kifua, nikaingia kiunoni, na nilikuwa katikati ya mshono wa kiuno, upande wa mbele, sindano iko chini, saa ya ukutani ilipogonga. "Saa moja," Fundi akasema nyuma yangu. "Weka." Sikuruhusiwa hata kufika pembeni. Nikakata uzi, nikalining'iniza gauni kwenye msumari kati ya mashine yangu na ya Mbeyu, na siku nzima lilining'inia pale, nusu kiuno, huku yeye akidarizi shingo ya kanzu bila kuinua macho. Saa saba kasoro dakika chache alikata uzi wa kanzu. Alilichukua gauni, akautazama mshono wangu kwa muda niliouona mrefu mno, akageuza kidogo skrubu ya kukaza uzi kwenye mashine yake, akajaribu kwenye kitambaa, akageuza tena. Kisha akaanza. Mimi na Bakari tulimaliza saa tisa, na hatukuwa na la kufanya kwa ajili yake, kwa kuwa gauni moja haliingii mashine mbili kwa wakati mmoja. Nilipuliza makaa ya pasi. Bakari alizikunja nguo zilizokwisha. Gari lilipiga honi barabarani Mbeyu akiwa kwenye pindo, na saa ilipogonga kumi aliinua mguu kutoka kwenye kanyagio.

Fundi alilipokea gauni mikononi mwake. Akalisogeza karibu na macho, kiunoni, mbele. "Napaona," akasema, akanipa nipige pasi.

Wasichana wanne waliimba, wote wanne. Mbeyu alikuwa karibu nami uwanjani, na sikumbuki wimbo, namkumbuka yeye akihesabu magauni kwa kidole. Wiki iliyofuata Fundi, na macho yake yale, alikaa mwenyewe kwenye mashine yangu akashona gauni jingine kwa mkono mmoja, akaenda kwa miguu kulibadilisha. Lile lililoshonwa na watu wawili alilitupa mapajani mwa Mbeyu. "Hili si la duka langu," akasema. "Chukua." Lakini hakumwita tena mzito, na hakumrudisha kwao. Asubuhi, kabla ya kugawa kazi, alipiga hodi chumbani kwetu akauliza, "Mbeyu, ukuta wasemaje?" Januari mimi nikaenda chuo cha ualimu. Yeye alibaki pale hadi alipokuwa na cherehani yake mwenyewe, akarudi Samburu kwa hiari.

Miaka mingi baadaye, kwenye mafunzo ya walimu, mhadhiri mmoja alitueleza kwamba mashine za kukokotoa nazo zina taabu hiyo hiyo: kazi nyingi, mashine kadhaa, ipi iende wapi ili zote ziishe mapema. Akasema ziko njia za haraka zinazotoa jibu zuri, na ziko njia kamili, zinazotoa jibu ambalo hakuna bora yake, pamoja na uthibitisho. Akachora mti ubaoni na kuyakata matawi yake moja moja. Nilicheka peke yangu hadi akaniuliza kuna nini. Nikamwambia namkumbuka mtu aliyekuwa akitafuta mbuzi.

Samburu nilifika siku ya pili ya matanga. Wanawake walikuwa wamekaa mikekani, sima inasongwa uani, malori yanapita kwa mbali. Kadzo ana paji la uso la mamake. Alinishika mkono akaniingiza chumba cha ndani, penye cherehani iliyofunikwa kanga, akafungua sanduku akatoa gauni dogo la marinda, rangi imepauka, limekunjwa vizuri. "Alisema ni lako," akaniambia. "Alisema wewe utajua pa kutazama."

Nikavaa miwani, nikakaa dirishani. Mikono ya gauni sikuitazama, marinda sikuyatazama, pindo sikulitazama, kwa kuwa kule sikupita. Nilianzia kiunoni, upande wa kushoto, mahali ambapo najua kwa yakini kwamba uzi ni wangu, nikaenda kwa kucha, tundu kwa tundu, mpaka upande wa kulia, ambako najua kwa yakini ni wake. Nikarudi. Nikaligeuza, nikapita ndani, kwenda na kurudi, nikitafuta tundu moja lililo pana kuliko jirani yake, uzi mmoja uliokazwa zaidi. Wanawake waliokuwa wamenifuata walisogea karibu. Nikafika mwisho.

"Hujapaona, shangazi?" Kadzo akaniuliza.

Nilivua miwani, nikafuta machozi. "Si kwamba sijapaona, mwanangu," nikamwambia. "Hakuna."